Kiungo kinafunguka, lakini kinampeleka msomaji wapi?

Swali: Habari za kazi. Tuko wawili tunaotunza maktaba ya programu huria ya Python. Nyaraka zetu tunazitengeneza kwa Sphinx, programu ya kujengea nyaraka, na zina viungo zaidi ya mia tatu. Watumiaji hawaishi kulalamika kwamba kiungo fulani kimekufa. Tukaweka kikaguzi cha viungo kwenye kila ombi la mabadiliko (pull request), lakini sasa kinakwamisha kazi za wachangiaji kwa sababu ya tovuti zisizotuhusu. Tukiondoe?

Jibu: Msikiondoe, kihamisheni. Mmechanganya viungo vya ndani na vya nje, na hivi viwili havikaguliwi kwa namna moja.

Kiungo cha ndani kikivunjika, kuna mtu kwenye mradi amekivunja, na anapaswa kujua papo hapo. Tumieni alama za Sphinx `:ref:` na `:doc:` badala ya kuandika anwani kwa mkono, kisha jengeni nyaraka kwa chaguo la `-W` ili kila onyo liwe kosa. Hapo ndipo pa kumzuia mchangiaji, wala intaneti haihitajiki.

Kiungo cha nje hufa bila yeyote kwenu kugusa kitu. Si haki mtu aliyekuja kusahihisha herufi moja azuiwe kwa sababu seva ya watu wengine imelala. Kazi ya `make linkcheck`, amri ya Sphinx inayokagua viungo vya nje, ipangieni ratiba, mara moja kwa wiki inatosha, na matokeo yaje kwenu watunzaji. Kama msimbo wenu uko GitHub, kumbukeni kwamba kazi za ratiba kwenye hifadhi ya msimbo (repo) ya umma huzimwa zikipita siku 60 bila shughuli yoyote. Mradi uliotulia unaweza kukaa miezi bila ukaguzi na msijue.

Ripoti ikija, msiisome yote kwa uzito mmoja. Katika namba ambazo seva hujibu, 404 na 410 ni vifo: ukurasa haupo. 403 na 429 mara nyingi ni seva inayokataa roboti, kwa hiyo fungueni ukurasa kwa kivinjari kabla ya kufuta chochote. Vile vinavyosumbua kila mara viwekeni kwenye `linkcheck_ignore`, orodha ya viungo visivyokaguliwa, lakini taja anwani yenyewe. Ukiandika github.com nzima, umefumba macho kwa nusu ya viungo vyako. Ile ambayo watu huipuuza ni 301, yaani ukurasa umehamia kwingine kwa kudumu. Kwa kuwa bado unafunguka, hakuna anayejali. Badilisheni anwani sasa hivi, wakati seva ya zamani ingali inaonyesha njia. Ikizimwa mtabaki kutafuta gizani.

Kinachonisumbua zaidi ni kiungo kinachofunguka vizuri kabisa na kumpotosha msomaji. Mfano: mmeandika kwenye nyaraka, "tazama jinsi tunavyosoma mipangilio", mkaelekeza kwenye faili lililo GitHub, tawi kuu la `main`, mwishoni `#L120`, yaani mstari wa 120. Wiki ijayo mtu anaongeza mistari kumi juu. Anwani inajibu 200, yaani kila kitu sawa, kikaguzi kinaridhika, na msomaji anaangalia msimbo mwingine kabisa. Dawa ni ndogo: ukiwa kwenye faili hilo, bonyeza kitufe cha `y`, na anwani itabadilika ishike komiti husika, yaani msimbo ulivyohifadhiwa wakati huo, badala ya tawi linaloendelea kubadilika.

Matoleo nayo yana mtego huohuo. Anwani ya docs.python.org yenye 3.8 ndani yake itafunguka leo, ingawa toleo hilo liliacha kuhudumiwa Oktoba 2024. Kwa maelezo ya jumla tumieni ile yenye `/3/` tu. Kwenye Read the Docs, tovuti inayohifadhi nyaraka za miradi, `latest` kwa kawaida hufuata tawi la maendeleo, kwa hiyo mtumiaji aliyesakinisha toleo rasmi kwa pip anaweza kusoma habari za kipengele ambacho hana. Mpelekeni kwenye `stable`, yaani toleo rasmi la mwisho. Na kwa maktaba zinazotumia Sphinx, washeni intersphinx, kiendelezi cha Sphinx kinachounganisha nyaraka zenu na za maktaba nyingine: mnaandika jina la klasi, anwani inatafutwa nyaraka zinapojengwa.

Makala za watu binafsi zipunguzeni. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Tena jina la tovuti likiisha muda, mwingine anaweza kulinunua na kuweka anachotaka, na kikaguzi hakitagundua. Kama maelezo ni ya lazima kwa mtumiaji wenu, yaandikeni wenyewe kwa aya mbili, kiungo kibaki kama shukrani kwa mwandishi. Kilichokwisha kufa kitafuteni kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, mkichagua nakala ya karibu na tarehe mlipoandika sentensi ile.

Na mkibadilisha majina ya kurasa zenu, wekeni uelekezaji wa anwani ya zamani kwenda mpya siku hiyohiyo. Read the Docs ina sehemu yake kwenye mipangilio ya mradi. Kuna nyaraka za watu wengine zinazoelekeza kwenu, na hao hawatapata onyo lolote kutoka kwenye ujenzi wenu.