Gỏi cuốn nyumbani: majibu kwa maswali yenu

Gỏi cuốn ni chakula cha kusini mwa Vietnam: rolo ya karatasi laini ya mchele inayoliwa, iliyofungia tambi, kamba, nyama na majani mabichi. Haikaangwi, na huliwa kwa kuchovya kwenye sosi. Karibu maswali yote yaliyotufikia safari hii yana chanzo kimoja, nacho ni maji.

Naloweka karatasi dakika nzima kama pakiti inavyosema, inageuka ute na kuchanika. Nakosea wapi?

Hiyo dakika ndiyo kosa. Mimina maji ya vuguvugu kwenye sahani pana kuliko karatasi, ipitishe karatasi pande zote mbili kwa sekunde 3 hadi 5, kisha itoe ingali ngumu kiasi. Inaendelea kunywa maji yaliyobaki juu yake, na baada ya nusu dakika hivi italainika yenyewe huku wewe unapanga vya kujazia. Ukingoja ilainike ndani ya maji, umeshachelewa. Maji ya moto yaepuke kabisa, kwani hulainisha ukingo kabla ya katikati, na wanga hupata unato.

Angalia pia unapoitandaza. Kibao kikavu cha mbao hunyonya maji na kuing'ang'ania karatasi. Tumia cha plastiki, au sahani iliyopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Karatasi moja kwa wakati mmoja, usizirundike zikiwa zimelowa. Na kagua pakiti kabla ya kununua: yenye nyufa tangu ikiwa kavu haitapona majini. Kwa anayeanza, upana wa sentimita 22 unafaa zaidi. Zile za sentimita 16 hujaa upesi mno.

Nijaze nini, na kiasi gani? Kwetu hatuli nguruwe.

Kwa rolo 12: tambi nyembamba za mchele gramu 120 zikiwa kavu, kamba 18 wa wastani, nyama iliyochemshwa gramu 250, letusi moja, kifungu cha nanaa na kifungu cha giligilani. Wenyewe Vietnam hutumia nyama ya tumbo la nguruwe, lakini kidari cha kuku kilichochemshwa taratibu kikapoa ndani ya supu yake kinafaa. Kikatwe vipande vyembamba kikishapoa. Cha moto hubomoka, na mvuke wake huilegeza karatasi.

Kamba wachemshwe na maganda yao kwenye maji ya chumvi dakika 2 tu, mpaka wageuke waridi, kisha watiwe maji baridi. Wamenye, wapasue kila mmoja vipande viwili kwa urefu, utoe ule uzi mweusi wa mgongoni. Vipande vitatu vinatosha rolo moja.

Tambi ndizo zinazoharibu rolo nyingi. Zikiiva, zisuuze kwa maji baridi kuondoa wanga, halafu ziache kwenye chujio angalau dakika 10. Majani nayo yafutwe hadi yakauke. Rolo inayopasuka dakika chache baada ya kukunjwa, mara nyingi imelowanishwa kutoka ndani.

Zangu hulegea, ukiuma kila kitu kinamwagika.

Umejaza kupita kiasi, au umeanza katikati. Weka jani la letusi kwenye theluthi ya karatasi iliyo karibu nawe, ukiacha sentimita 4 kila upande, na uti wake mnene uwe umeondolewa kwa sababu ndio unaotoboa. Juu yake weka tambi ukubwa wa kidole gumba, nyama na majani. Funika kwa ukingo wa karibu, vuta nyuma ukibana kwa vidole, zungusha mara moja. Sasa kunja pande mbili ziingie ndani. Hapo ndipo kamba wanapopangwa, mbele ya mzunguko, upande wenye rangi ukitazama chini. Ukimaliza kuviringisha wataonekana kupitia karatasi. Haihitaji gundi ya unga wala yai, inajishika yenyewe.

Sosi ya kweli ni ya karanga au ya samaki?

Zote mbili ni za kweli. Ya karanga ndiyo inayozoeleka zaidi na gỏi cuốn. Kaanga punje 2 za kitunguu saumu zilizosagwa kwenye kijiko kidogo cha mafuta, zisifike kahawia. Tia vijiko vikubwa 4 vya sosi ya hoisin (sosi nzito na tamu ya soya ya Kichina), 2 vya siagi ya karanga isiyo na sukari, na mililita 100 za ile supu ya nyama. Koroga kwenye moto mdogo dakika 2 au 3, kisha nyunyizia karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Ikipoa huwa nzito, kwa hiyo iepue ingali nyepesi kidogo kuliko unavyotaka. Mafuta yakijitenga, moto ulikuwa mkali: ongeza kijiko cha maji, upige kwa nguvu.

Ya samaki, nước chấm, haipikwi. Yeyusha vijiko 2 vya sukari kwenye vijiko 8 vya maji ya moto, acha yapoe, ndipo utie vijiko 2 vya maji ya ndimu na 2 vya sosi ya samaki. Kitunguu saumu na pilipili vya kukatakata huja mwisho. Sosi za samaki hazilingani chumvi, basi onja kabla ya kumaliza kipimo.

Naweza kuzikunja usiku kwa ajili ya chakula cha mchana kesho?

Hapana. Kwenye friji wanga hukakamaa, karatasi inakuwa ngumu na kupasuka. Nje ya friji, kamba na nyama zisizidi saa mbili, na penye joto linalopita nyuzi 32, saa moja. Usiku andaa sosi, chemsha nyama, safisha majani, vyote viwekwe kwenye friji kila kimoja peke yake. Tambi zipike siku yenyewe. Ukishakunja, zipange zisigusane na uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu.

Kama wageni ni wengi, usikunje hata moja. Weka vyote kwenye sinia, na bakuli pana la maji kwa kila watu wawili, kila mtu ajikunjie mezani. Familia nyingi za Vietnam hula hivyo hivyo.

Zilizobaki nizikaange?

Usithubutu, maji yaliyomo yatarusha mafuta hadi usoni. Rolo za kukaanga, chả giò, hujazwa nyama ya kusaga na mboga zilizokamuliwa, na hayo ni mapishi mengine.