Kibati cha 1966 na cheti cha juzi

SWALI: Niko Houston. Kuna jamaa ananiuzia tuzo ya santuri ya dhahabu ya The Supremes, kundi la waimbaji wa Marekani, albamu "The Supremes A' Go-Go". Fremu ni ya mbao, ndani kitambaa cheupe, na kibati kimeandikwa RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, kinachotoa tuzo hizi), 1966, nakala 500,000. Lebo inaonyesha nyimbo sita, lakini kwenye sahani nahesabu tano tu. Jamaa anasema nisihofu, ana cheti cha uhalisi. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe, ila si kwa sababu ya hizo nyimbo tano. Mafundi wa tuzo walichukua santuri yoyote iliyokuwa karibu, wakaipa utando mwembamba wa rangi ya dhahabu, wakabandika lebo inayotakiwa. Tuzo halali chungu nzima zina sahani ya mwimbaji mwingine kabisa.

Kilichopaswa kukushtua ni kibati. Mwaka 1966 albamu ilipata dhahabu kwa mauzo ya dola milioni moja, bei ya jumla. Sharti la nakala 500,000 lilikuja 1975. Isitoshe, Motown, kampuni ya The Supremes, haikuwafungulia RIAA vitabu vyake vya hesabu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Bila ukaguzi hakuna tuzo ya RIAA.

Sasa hicho cheti. Kila nikiambiwa "lakini kina cheti" nachoka. Kimesainiwa na nani? Na muuzaji! Ni maneno yake yaleyale, safari hii kwenye karatasi nene yenye muhuri unaong'aa. Nimeletewa vyeti vizuri kuliko tuzo zenyewe.

Mshahidi wangu ni kitambaa. Miaka hamsini ya mwanga hukifanya kiwe na unjano, isipokuwa palipofunikwa. Mulika tochi kwa ubavu, uchungulie pembezoni mwa kibati. Ukiona mstatili mweupe unaochomoza nje ya kingo zake, hapo palikaa kibati kikubwa zaidi. Fremu ni ya kweli, jina ndilo la kupachikwa. Matapeli hununua kwa bei ya kutupa tuzo za waimbaji waliosahaulika, wakang'oa kibati na lebo, wakaweka za nyota. Usiifungue fremu mwenyewe. Karatasi ya mgongoni ikishachanwa, umeharibu ushahidi.

Wapo pia wanaokimbilia hologramu, ile stika inayometameta ya RIAA. Hiyo ilianza miaka ya 1980, na stika siku hizi inachapishwa popote. Tena albamu ya zamani inaweza kuagiziwa fremu mpya leo, kihalali kabisa, lakini anayekuuzia kwa bei ya kitu cha miaka ya 1960 anakuibia vilevile. Na ukitajiwa platinamu, tuzo ya juu ya dhahabu, ya 1966, usipoteze hata muda wa kuchungulia: platinamu ilianza 1976.

Kama umeshatoa arubuni, idai kwa maandishi, na umtumie picha ya hicho kibati.