Njia ipi ianze? Maswali kutoka milimani na soko la Mwaloni, Mwanza

Mtaa wetu wa Mabatini una vichochoro vingi vibovu, na michango inatosha kimoja tu. Tuanze na kipi?

Hesabuni watu kabla hamjabishana. Wawekeni vijana wawili kwenye njia panda na daftari, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kisha jioni. Wasiandike idadi peke yake. Waandike pia ni nani aliyepita: mwanafunzi, mama mwenye ndoo kichwani, mzee wa mkongojo. Rudieni siku ya mvua.

Halafu ulizeni: njia hii ikifungwa, watu watapita wapi? Niliwahi kuwaona wanaume wanne wakimteremsha mgonjwa kwenye kiti cha plastiki kati ya majabali yaliyolowa. Mmoja alivua ndala ili vidole vya miguu vishike jiwe. Wanaopita pale ni wachache, lakini hawana njia nyingine ya kufika kwenye gari. Kwangu mimi, kichochoro kama hicho kinatangulia hata mbele ya chenye umati, ikiwa umati huo una pa kuzungukia.

Sisi wa Igogo tulifanya msaragambo tukamwaga zege, masika yakaling'oa. Tulikosea wapi?

Kwenye maji. Jabali halinywi mvua. Yote hushuka, na hufuata njia ileile mnayopita nyinyi. Chimbeni mfereji kwanza, ndipo mjenge ngazi. Kimo cha kila kidato kiwe kama sentimita 15 hadi 17, na sehemu ya kukanyaga ifike 30. Muhimu zaidi, vidato vyote vilingane, kwa sababu kimoja kikizidi ndicho kitakachomwangusha mwenye mzigo asiyeona miguu yake. Mawe tunayo hapahapa, na jiwe likilegea hupangwa upya bila kuvunja ngazi nzima.

Mwenyekiti anasema tuisubiri TARURA, wakala wa serikali wa barabara.

Msikae bure. TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, ina barabara nyingi za mijini na vijijini za kuhudumia; kichochoro kisichopitika na gari kitasubiri sana. Pelekeni daftari lenu kwenye mkutano mkuu wa mtaa, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, kisha ufike kamati ya maendeleo ya kata. Mwenye hesabu mkononi husikilizwa.

Nachuuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kwa nini tusijengewe njia ukingoni kabisa mwa ziwa?

Mama, kumbuka mwaka 2020, ziwa lilivyopanda na kumeza fukwe. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ombeni iboreshwe ile ya ndani mnayoitumia sasa: iinuliwe kidogo, iwe pana kiasi cha wabeba mizigo wawili kupishana.

Taa au ngazi kwanza?

Ngazi. Lakini kama watoto wenu hutoka nyumbani alfajiri bado giza, wekeni taa kwenye kona yenye korongo wiki hiihii.