Ukianguka na Vidole Vikafa Ganzi, Dai Eksirei ya Kifundo cha Mkono kwa Ubavu

Nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nikatanguliza kiganja cha kulia. Kifundo cha mkono kikavimba palepale. Hospitali ya kwanza walisema hakuna kilichovunjika, wakanifunga bandeji, wakanipa dawa za maumivu. Nyumbani nikakandwa kwa maji ya moto wiki mbili. Ndugu zangu, kosa kubwa ni hapo.

Maana tangu siku ya pili kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa na ganzi, na vilikataa kukunja ngumi. Nilidhani ni uvimbe tu. Daktari wa mifupa aliponipiga eksirei ya kifundo kutokea ubavuni mwa mkono, hata mimi nisiyejua kitu niliona: kifupa kiitwacho lunati, chenye umbo la mwezi mchanga, kilikuwa kimehama na kupinduka kuelekea kiganjani kama kikombe kilichomwagwa, kikaubana mshipa wa fahamu. Kifundo kina vifupa vinane, na kwenye picha ya mbele vinafunikana. Ndiyo maana jeraha hili, ingawa ni la nadra, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hukosa kutambuliwa mwanzoni.

Ningewahi, wangenipa dawa ya usingizi, wakauning'iniza mkono kwa vidole mpaka misuli ilegee, kisha wakakisukuma kifupa mahali pake. Hata hivyo upasuaji kwa kawaida hufuata, kwa sababu nyuzi zinazoshikanisha vifupa huwa zimechanika. Mimi nilipasuliwa kiganjani na mgongoni mwa mkono, vifupa vikashikizwa kwa pini za waya. Zilitolewa wiki ya nane. Mazoezi yakafuata, na yanauma, lakini usiyaache.

Lingine: bonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Kikiuma baada ya kuanguka, huenda skafoidi, kifupa cha kifundo upande wa kidole gumba, imevunjika hata kama eksirei haionyeshi. Kubali hogo (plasta ngumu), urudie picha baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya kifupa hicho huingilia zaidi upande wa vidole, hivyo kikivunjika, kipande cha upande wa pili kinaweza kufa.

Kwa hiyo usikubali kukandwa kabla ya kupigwa picha ya mbele na ya ubavu. Ukiwa na ganzi, nenda siku hiyohiyo, hata usiku. Mimi nilirudi kazini mwezi wa saba tangu nianguke, na ndoo ya zege bado naibeba kwa mkono wa kushoto.