Sampuli ya TDHS 2022 (utafiti wa idadi ya watu na afya Tanzania): ya matabaka au ya makundi?

Zote mbili, wala hazipingani. Kwanza nchi iligawanywa kwa mikoa, na mikoa kwa mijini na vijijini: hayo ndiyo matabaka. Ndani ya matabaka wakachagua maeneo ya kuhesabia watu 629, yaliyochorwa kwa ajili ya sensa ya 2012. Hayo ndiyo makundi. Kisha wakaorodhesha kaya za kila eneo na kuchukua 26, jumla 16,354. Yote haya yameelezwa kwenye ripoti yenyewe ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), sehemu ya muundo wa sampuli, isomeni kabla ya kugusa data.

Ila ukifanya uchambuzi usisahau uzito wa sampuli (namba inayoirudishia kila kaya nafasi yake halisi katika hesabu ya taifa), tafadhali. Zanzibar ilipewa kaya nyingi kuliko sehemu yake halisi ya watu nchini ili mikoa yake ipate makadirio yanayoaminika, kwa hiyo wastani wa taifa bila uzito utakudanganya. Na kaya za eneo moja hufanana (maji yaleyale, zahanati ileile), hivyo usipoiambia programu kuhusu makundi, kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) litatoka dogo kuliko lilivyo na utatangaza tofauti ambazo hazipo.