Wikiendi ndefu Japani, safari ya siku moja: vuka ghuba uende Nokogiriyama

Mkuu, umesema uko Yokohama, wikiendi ya siku tatu inakuja, hela ya hoteli huna, na kazini kila mtu anakutajia Hakone, Nikko au Kamakura. Nimeishi huku miaka kadhaa, jibu langu ni tofauti: vuka ghuba ya Tokyo, nenda mlima Nokogiriyama upande wa mkoa wa Chiba.

Kwanza uelewe kwa nini huko wanakokutajia kunajaa. Kuanzia mwaka 2000 Wajapani walianza kuhamishia baadhi ya sikukuu zao Jumatatu: ya vijana kutimiza utu uzima Januari, ya bahari Julai, ya wazee Septemba, ya michezo Oktoba. Kwa hiyo nchi nzima inatoka nyumbani kwa mpigo. Kale katreni ka Enoden kule Kamakura hufurika mpaka mji uliwahi kujaribu utaratibu wa wenyeji kuingia kituoni bila kupanga foleni na watalii. Nikko msimu wa majani mekundu, magari yanatambaa kwenye kona za Irohazaka, barabara ya kupanda mlimani. Ni kuzuri kote huko, ila nenda siku ya kazi ukiwa na likizo yako.

Sasa njia. Panda treni ya Keikyu kutoka Yokohama mpaka Keikyu Kurihama, chini ya saa moja, kisha basi fupi mpaka bandarini. Angalia ratiba ya sikukuu, maana Jumatatu ya mapumziko treni na mabasi hayafuati ratiba ya siku za kazi. Ukipata nafasi kabla ya meli, pita bustani ya Perry hapo jirani: ndipo Wamarekani wakiongozwa na Perry waliposhuka 1853 na barua ya rais wao kuitaka Japani ifungue milango. Jiwe la kumbukumbu lipo mpaka leo.

Tiketi ya kivuko unakata palepale, na kuvuka ni kama dakika 40. Ukilizoea pantoni la Kigamboni utacheka, maana huku watu wanakaa kwenye viti wanakula keki. Wewe panda juu nje. Meli za makontena zinapita karibu kabisa, na siku ikiwa safi unauona Fuji nyuma yako. Januari ndiyo safi zaidi. Julai ukungu wa joto unaufunika.

Ukishuka Kanaya unatembea kidogo mpaka kwenye kebo, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, nayo inakupandisha kwa dakika nne hivi. Mlima wenyewe ni mita 329 tu, lakini usiudharau. Ulikuwa machimbo ya mawe tangu enzi za Edo (kabla ya 1868) mpaka miaka ya 1980, na bandari ya Yokohama unayoiona kila siku ilijengwa kwa mawe ya hapa pia. Kuta zimekatwa wima, alama za vyuma bado zinaonekana mistari mistari, na kwenye ukuta mmojawapo wamechonga sanamu ya Kannon, mwenye huruma wa Kibuddha, ya mita 30, kazi iliyokamilika 1966, kwa kumbukumbu ya waliokufa vitani na kwenye ajali za barabarani. Juu yake kuna jabali lililochomoza hewani, Jigoku Nozoki, yaani kuchungulia Jehanamu. Kuna uzio, ila magoti yatakuambia ukweli. Foleni ya picha ipo, inasogea.

Kuna pia Buddha wa jiwe wa hekalu la Nihon-ji, mita 31 (yule maarufu wa Kamakura ni 11 na ushee), lakini mimi kilichonishika zaidi ni zile sanamu ndogo njiani kuteremka. Ni zaidi ya 1,500, zimepangwa kwenye vijipango vya mwamba, kila moja na mkao wake. Nyingi hazina vichwa. Zilivunjwa enzi za Meiji (zilizoanza 1868), wimbi la kupinga Ubuddha lilipopita. Baadhi vichwa vimerudishwa kwa saruji, na ukiinama unaona shingo haikai sawa, rangi ya kichwa ni nyingine na ya kiwiliwili ni nyingine. Watu wengi wanapita haraka kuwahi Buddha mkubwa. Usipite haraka.

Vaa raba, ngazi ni nyingi kupita kiasi. Beba pesa taslimu, na takataka zako rudi nazo, mapipa hutayaona. Chakula ni aji wa kukaanga hapo Kanaya, samaki wa jamii ya kolekole, mnene na laini. Kama huli nguruwe uliza mafuta kwanza, wapo wanaokaanga kwa mafuta ya nguruwe. Na usile nje ukiduwaa: mwewe wa pwani hizi wanakupokonya mkononi.

Kurudi, usigeuze njia. Kutoka kwa Buddha teremka kwa miguu mpaka kituo cha Hota, upande treni ya Uchibo kupitia Chiba. Treni ni kama moja kwa saa, kwa hiyo piga picha ya ratiba mapema. Rafiki mwenye gari akikuambia mrudi kwa Aqua-Line, barabara ya kulipia inayokatiza ghuba, mkatalie: jioni za sikukuu ni foleni tupu, na tangu 2023 tozo ya kuelekea Tokyo saa za msongamano imepandishwa kwa sababu hiyohiyo.

Upepo ukiwa mkali kivuko na kebo vyote husimama. Septemba, msimu wa vimbunga, angalia taarifa asubuhi kabla hujatoka. Ukiwa na watoto wadogo achana na njia ya Hota, shukeni kwa kebo mrudi na meli.