Tubadilishe mazabodi ya OptiPlex 780 au tununue kompyuta nyingine?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya kahawa huku Mbozi. Ofisini tuna kompyuta moja tu, Dell OptiPlex 780 ya mnara, Core 2 Duo E8400, RAM GB 2, Windows 7. Humo ndimo ilimo programu ya wanachama wote: kilo walizoleta, malipo ya awali, malipo ya pili, mikopo ya pembejeo. Kijana aliyetutengenezea amehamia Dar, ila simu anapokea. Kompyuta imechoka. Asubuhi tunaiwasha, tunakwenda kunywa chai, tunarudi bado inazunguka. Halafu kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi.

Fundi mmoja wa hapa Vwawa anasema tusinunue nyingine. Atatoa mazabodi (bodi kuu ya ndani), ataweka ya OptiPlex 7010 kwenye boksi lile lile, hadidiski inabaki hiyo hiyo, tunawasha na kuendelea na kazi. Mwenyekiti amelipenda wazo kwa sababu ni nafuu. Je, inawezekana? Na tukifanya hivyo, Windows 11 itakubali? Printa yetu ni ile ya utepe inayopiga kelele, inatumia kebo pana.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Ahsante kwa kuandika jina kamili la kompyuta. Wengi wananiandikia tu "Dell nyeusi".

Nianze na tarehe, maana hiyo unaimaliza leo. Ndani ya boksi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayoshikilia saa wakati umeme haupo. Ya kwenu imekufa. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, itoe, weka mpya, upande wa alama ya kujumlisha uangalie juu. Ukiwasha bonyeza F2, rekebisha saa na tarehe, hifadhi, toka. Humo ndani usiguse mpangilio wa SATA (njia inayounganisha hadidiski) hata kama umeandikwa maneno ya kuvutia, Windows 7 yenu itagoma kuwaka. Msiicheleweshe hii kazi. Mwanachama akipimiwa kahawa leo na programu ikaandika mwaka 2009, kilo zake hazitaonekana kwenye ripoti ya msimu, na siku ya malipo ni wewe utakayesimamishwa mbele ya mkutano.

Sasa mazabodi. Sitaki kumvunjia heshima fundi wenu, lakini hiyo kazi msimpe.

OptiPlex 780 ni ya 2009 na 7010 ni ya 2012. Hazikupangwa kwa boksi moja. Mpangilio wa mashimo, bati la nyuma, feni inayopitisha upepo juu ya prosesa, hata waya za kitufe cha kuwashia, Dell walizifanya kwa namna yao kwa kila umbo. Fundi mwenye mkono mzuri atatoboa, atakata bati, ataunga waya, na itawaka. Lakini prosesa yenu haiendi huko, kwa sababu soketi (tundu la prosesa) ya 780 ni LGA775 na ya 7010 ni LGA1155, kwa hiyo mnanunua na prosesa. Halafu hadidiski. Windows 7 iliyomo imezoea mazabodi ile ya zamani. Ikiamkia kwenye nyingine inaweza kuleta skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, na hata isipoleta, leseni iliyokuja na kompyuta imefungwa kwenye mazabodi yake na itaanza kudai upya.

Tuseme vyote vimekwenda vizuri. Mmepata nini? Kompyuta ya kizazi cha tatu cha Intel. Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0, wakati ya 7010 ni 1.2. Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mtakuwa mmelipa fundi awatoe kwenye mashine iliyoachwa, awapeleke kwenye mashine nyingine iliyoachwa. Najua zipo mbinu za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya zamani, na kwa kompyuta ya kuchezea muziki sina neno. Kwa vitabu vya wakulima sizikubali. Hiyo 780 yenyewe hata ulazimishe vipi, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa, kwa sababu prosesa za Core 2 hazina amri fulani ambazo toleo hilo linazidai.

Kanuni ninayowapa wateja wangu wote hapa Mbeya wenye kompyuta za umri huo ni moja: pesa iingie kwenye kitu kitakachohama. Betri ya sarafu ni bei ya soda, haina mjadala. UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, itahama. SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, itahama. Mazabodi, prosesa na RAM za zamani hazihami popote.

Kwa hiyo kama kamati haina pesa ya kompyuta nyingine kabla kahawa haijaanza kuiva, nunueni SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, mwambieni fundi wenu wa Vwawa anakili hadidiski nzima kuiingiza humo. Hiyo ni kazi halali yake na ataiweza. Njia ya SATA ya 780 ni ya zamani, ina kikomo cha gigabiti 3 kwa sekunde, kwa hiyo SSD haitafikia kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Msijali. Kinachowachelewesha asubuhi ni sindano ya hadidiski kuhangaika huku na huko kutafuta vipande vidogo vya faili, na SSD haina sindano. Chai mtaianza mapema kuliko mlivyozoea, au mtaikosa. RAM msinunue nyingi. Bonyeza kulia kwenye Computer, chagua Properties, tazama kama imeandikwa 32-bit. Kama ndivyo, Windows hiyo haitumii zaidi ya GB 3 na kidogo hata ukiijaza. Omba kipande cha RAM aina ya DDR3 cha GB 2 kwa mtu mwenye kompyuta iliyokufa, kinatosha.

Hiyo ni ya kuvukia msimu mmoja. Dawa yenyewe ni kununua kompyuta ndogo ya mtumba ya kizazi cha nane au zaidi, zile nyembamba unazoweza kuzifunga nyuma ya kioo. OptiPlex 3060 Micro, Lenovo ThinkCentre M720q, HP EliteDesk 800 G4 Mini, yoyote kati ya hizo ni sawa kwangu. Zote tatu zina nafasi ya diski ya inchi 2.5, kwa hiyo SSD mliyonunua inaingia. RAM yake ni DDR4 fupi kama ya laptopu. Chukueni yenye GB 8 kwenye kipande kimoja, nafasi ya pili ibaki wazi.

Hapo kwenye kununua ndipo watu wanapopigwa. Muuzaji, awe Kariakoo au Mwanjelwa, atakwambia "Core i5 hii" na kunyamaza. Core i5 ni jina la ukoo, halikwambii umri. Dai namba nzima. i5-2400 ni ya 2011, kizazi cha pili. i5-3470 ni kizazi cha tatu, ndiyo utakayoikuta kwenye hizo 7010. i5-8500T ni ya 2018, kizazi cha nane, na ndiyo tunayoitafuta. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, isipokuwa namba zikiwa tano kama i5-10500, hapo soma mbili za kwanza: kizazi cha kumi. Namba zikiwa tatu tu, kama i5-650, hiyo ni kizazi cha kwanza, mwachie mwenyewe. Na usiamini stika. Stika hubandikwa. Iwashwe, ufungue Task Manager upande wa Performance, usome kwa macho yako. Kisha andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia uone kama ni 2.0.

Mengine mawili ya dukani. Zima, washa, bonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio (F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, ondoka. Pili, mwombe apige Windows upya ukiwa pale, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mashine hizi nyingi zimetoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, na baadhi hazikufutwa kwenye orodha ya kampuni zao za zamani. Unafika nayo Mbozi, unaiunganisha, inakudai barua pepe ya kampuni usiyoijua. Hakuna fundi wa mtaani atakayeitoa hiyo kwa njia ya haki. Ukiona sura hiyo ukiwa bado dukani, umeokoa pesa ya wanachama.

Hizi ndogo pia zinawafaa kwa umeme wetu. E8400 ni prosesa ya wati 65 peke yake, i5-8500T ni ya wati 35, na mashine nzima inatumia adapta ya nje. UPS ile ile inayoipa 780 dakika chache za kuzima kwa adabu itaipa hii muda mrefu zaidi. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zinakuja na radi, kwa hiyo ikianza kunguruma chomoa ukutani, na kama kuna waya wa intaneti unaotoka kwenye antena ya nje, uchomoe nao. Watu huukumbuka wa umeme na kuusahau huo.

Tuje kwenye data, maana kompyuta zinauzwa kila mahali lakini vitabu vyenu viko hapo tu. Kabla mtu yeyote hajagusa skrubu, hata ya betri, toa nakala. Kulinakili folda la programu kwenye flashi hakutoshi, na likinakiliwa programu ikiwa wazi ndiyo mbaya zaidi. Tafuta ndani ya programu sehemu ya Backup, itumie hiyo, weka kwenye flashi mbili, moja ilale nyumbani kwa mtunza hazina. Kisha mpigie yule kijana wa Dar. Muulize vitu vitatu: faili la kuinstolia liko wapi, leseni imefungwa kwenye mashine au la, na programu ni ya biti ngapi. Ya biti 32 inakubali kwenye Windows 11. Ikiwa hata kipande chake kimoja ni cha biti 16, Windows 11 haitaitazama, maana ni ya biti 64 na hizo mbili hazipatani.

Ikifika hapo msikate tamaa. Microsoft wana kiprogramu cha bure kinachoitwa Disk2vhd, kinaigeuza hadidiski nzima kuwa faili moja, na faili hilo unaweza kulifungua kwenye kompyuta mpya ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta. Windows 7 yenu inaweza kuwaka ndani ya dirisha na programu yake, hata kama 780 yenyewe imeshauzwa kama chuma chakavu. Windows hiyo ya ndani ifungie intaneti kabisa.

Siku ya kuhama chagua wakati hampokei kahawa. Chapisha salio la kila mwanachama kutoka 780, na chini kabisa jumla kuu. Rejesha nakala kwenye mashine mpya, chapisha ripoti ile ile, linganisha. Jumla zikifanana usishangilie bado. Chagua wanachama kadhaa wenye historia ngumu, wale wenye mkopo wa mbolea uliokatwa nusu msimu huu na nusu uliopita, uwaangalie mmoja mmoja. Makosa ya kuhama hupenda kujificha kwa watu hao. Wiki chache za mwanzo ingiza kila kitu kwenye mashine zote mbili. Ni kazi mara mbili, najua, na utachoka.

Printa yenu ya utepe msiitupe. Inachapa kwenye karatasi za nakala tatu na printa za wino na za leza haziwezi hilo. Kompyuta ndogo hazina tundu la kebo ile pana, kwa hiyo nunueni kebo yenye USB upande mmoja na kichwa cha pini 36 upande wa printa. Kama programu inachapa kwa kupitia Windows, chagua printa kwenye tundu la USB001 na kazi imekwisha. Kama ni programu ya kizamani inayotuma moja kwa moja LPT1 (jina la tundu la kebo pana), iweke printa kwenye hali ya kushirikisha, uipe jina fupi, tuseme RISITI, kisha kwenye dirisha jeusi la amri andika:

net use lpt1 \\jina-la-kompyuta\RISITI /persistent:yes

Kioo chenu kama kina tundu la zamani la VGA tu, chukueni na kigeuzi cha kutoka DisplayPort kwenda VGA siku hiyo hiyo mnayonunua kompyuta. Vwawa sidhani kama utakipata haraka.